Neno Lililokuwa la Mzee Bwire Peke Yake

Mzee Zedekiah Bwire anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka ishirini na mmoja ya kurekodi sauti katika kikundi chetu cha filamu cha Ghorofa ya Tatu, Kayole. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ndiye mwongozaji, na kwa sababu, wanasema wenzangu, mimi ndiye niliyegombana naye kuliko wote. Sipingi.

Kwa mgeni asiyetujua: hatuna studio. Hadi Agosti studio yetu ilikuwa nyumba ya kupanga ya Mama Khavere, mwigizaji wetu mkuu, ambaye alimfukuza mumewe aende kwa jirani kila tulipotaka kushuti. Kutafuta sauti safi humo kulikuwa kujitakia presha. Chini alikuwepo fundi wa kuchomelea mageti. Ng'ambo lilikuwepo kanisa lenye spika nne na maombi ya mchana kila siku. Barabarani alipita muuza mayai na kipaza sauti kinachojirudia chenyewe, ambacho huwezi kukibembeleza wala kukitukana. Katikati ya hayo yote alikaa Mzee Bwire, hedifoni masikioni, maikrofoni imefungwa kwenye mti wa mopu, akitamka neno moja: "Bado."

Bado! Mama Khavere analia machozi ya kweli ambayo tumeyangoja tangu asubuhi, mzee anasema bado, eti kuna mtu ameweka sufuria chini mahali fulani. Ukibisha, anakuangalia kwa huruma. "Iko. Wewe huisikii kwa sababu una haraka, Jacklyne." Mungu anisamehe, kuna siku nilipima kwa macho urefu wa ile ghorofa.

Tena ni yeye aliyetunyang'anya neno "kata". Wakongwe mnaikumbuka siku hiyo. Taa zetu zilikuwa zinavuta stima kutoka kwa mita kuu ya ploti, yaani jengo zima la wapangaji, na Nabiswa, msimamizi wa ploti, alikuwa amesimama pale chini, tayari kuizima mara waya zikianza kutoa cheche. Tulikuwa tumemwambia akisikia "kata", akate. Onyesho likaenda vizuri ajabu, nami kwa furaha, karibu na dirisha, nikafanya kile ambacho waongozaji wote duniani hufanya. Nabiswa akakata. Ploti nzima ikazimika, mechi ikiwa inaendelea, na mteja wa saluni akiwa amekaushwa nusu ya kichwa. Wapangaji walipanda ngazi kama wamealikwa. "Nani huyo anasema kata? Atoke tumuone!" Tulinusurika kwa maombezi ya Mama Khavere na sahani kadhaa za githeri yetu wenyewe.

Kuanzia siku hiyo Mzee Bwire aliamuru kwamba kwetu onyesho litafungwa kwa neno "asante", neno ambalo, alisema, halijawahi kumkatia mtu stima. Na akalifanya lake. Waigizaji wakimaliza, aliinua mkono juu, nasi tukaganda pale tulipo huku akirekodi kimya cha chumba. Kila chumba kina kimya chake, alitufundisha, na bila hicho filamu husikika kama imetobolewa matundu. Tuliganda miguu ikifa ganzi, chakula kikipoa, pua zikiwasha, mpaka yeye mwenyewe aridhike na kusema, "Asante." Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulitamka mahali petu pa kazi. Ukimpa maji, alisema asante. Akikupa wewe, unaitikia kwa kichwa tu.

Agosti mwaka huu tulibaki na onyesho moja kukamilisha filamu iliyotumaliza nguvu kwa miaka mitatu: mama anamuaga mwanawe mlangoni. Ploti ilikuwa imeuzwa ibomolewe, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwetu. Tukikosa, hakuna mlango, hakuna filamu. Mzee akasema bado. Alisikia mluzi mwembamba. Tukachomoa friji za majirani. Fundi wa mageti akaweka vifaa chini. Pasta akakubali waumini waombe kimoyomoyo. Nabiswa akaikata stima yote, safari hii kwa ruhusa. Bado. Nilimfokea mbele ya kila mtu. Lorine, mpambaji wetu, akachukua hedifoni akasikiliza, akatikisa kichwa. Nikasikiliza mimi. Hakukuwa na kitu.

Mzee Bwire aliketi kitandani bila hedifoni, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akasikiliza. "Bado iko," akasema. "Basi ni mimi."

Hasira yangu yote iliisha hapo. Nililia, na sioni aibu kuliandika. Daktari alikuja kumthibitishia baadaye kwamba mluzi huo umo masikioni mwake na hautaondoka. Lakini jioni ile hakungoja daktari. Alimvalisha Lorine hedifoni, akamwonyesha namna ya kuinua mkono. Mama Khavere akaigiza mara moja tu, vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Tukaganda. Mzee hakuwa akituangalia sisi, alikuwa akiuangalia uso wa Lorine. Lorine alipoitikia kwa kichwa, mzee akasema neno lake, na filamu ikaisha.

Mzee wetu, umetuchosha, umetuchelewesha, na kila sauti safi tuliyo nayo ni kwa sababu ya ubishi wako. Tunakutakia uzee mwema kule Funyula, afya njema, wajukuu wenye adabu, na majirani wasio na mashine ya kuchomelea.

Sasa ombi kwa wageni. Haya yakiisha kusomwa, Lorine atainua mkono, nasi tutasimama kimya. Msishtuke, hakuna aliyefariki. Neno lile tulikuachia wewe miaka yote, mzee, na kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukuambia. Mkono wa Lorine ukishuka, tuazime mara moja tu.

Asante.

Jacklyne Kweyu, mwongozaji, kwa niaba ya Ghorofa ya Tatu