Prudencia Kaijage na Kahawa Zake za Kutafuna

Marehemu Prudencia Kaijage alizaliwa tarehe 9 Mei 1966, Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Kaijage, mkulima wa migomba na kahawa. Alisoma hukohuko hadi darasa la saba, akaendelea na sekondari Bukoba, na mwaka 1992 akahitimu shahada ya biashara Dar es Salaam. Kuuliza maswali hakufundishwa na mtu, alizaliwa nako.

Mwaka 1995 alifunga ndoa na Jovinary, wakahamia Mwanza, wakajenga Igoma. “Nilikwenda kuposa, nikahojiwa mimi,” husema shemeji yetu mpaka leo.

Kazi yake ilikuwa utafiti wa soko. Kampuni zinazouza vifaa tiba zilimtuma ajue hospitali za Kanda ya Ziwa huchaguaje mashine. Wenzake waliishia ofisi za wakubwa. Yeye alivuka ziwa kwenda Kamanga, akaingia hadi wodini, akafungua kifurushi cha kahawa za kutafuna, punje zilizochemshwa na kukaushwa, kama tunavyokaribishana Uhayani, ndipo akauliza. Kule Kisesa, muuguzi Dorotea Luhaga alizimeza zote kwa maji akidhani ni dawa. Walicheka mpaka machozi, wakawa ndugu tangu siku ile. Dorotea ndiye aliyemwambia, “Dada, sisi wa wodini hatuulizwi. Mashine inaletwa tu.” Prudencia akalisema hilo kila alikokwenda, hata mbele ya waganga wakuu. Lakini lilimuuma. “Wananiitikia, halafu wananunua vilevile,” alikuwa akituambia. “Sijui kama kazi yangu imemfaa mtu.”

Machi mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Januari hii alilazwa hapa mjini Mwanza, katika hospitali ambako Dorotea alikuwa amehamia. Akiwa kwenye mashine ya oksijeni, pumzi ikimpaa, bado aliuliza: “Hii nani kaichagua?”

“Sisi, dada,” Dorotea akamjibu. “Tangu ulipotusemea, hapa hainunuliwi mashine kabla wauguzi hatujaijaribu.”

Prudencia alitabasamu, akasema, “Basi.” Alifariki Jumapili, tarehe 8 Februari 2026, na sisi imetuuma sana.

Ameacha mume, watoto wawili, Noela na Obedi, na wajukuu watatu.

Kahawa zimo kwenye sinia pale mlangoni. Mzitafune, Dorotea atawaelekeza. Nawe, dada yetu, umeshajibiwa. Pumzika kwa amani.