Mchanga Katika Picha za Mzee Chirau

Na Rispah Fondo, karani wa mapokezi

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Mzee Chirau Mwero wa chumba cha eksrei cha hospitali yetu anastaafu tarehe 31 Disemba 1966. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimesoma Kiswahili na Kiingereza, na pia, nadhani, kwa sababu wakubwa wangu hawakuweza baada ya mambo ya wiki hizi mbili. Mbele za watu sauti hunikauka, kwa hiyo nashukuru kwamba utasomwa na mwingine.

Mzee ni mzaliwa wa Kinondo. Aliajiriwa kufua mashuka, akawa mfunga vidonda, na mashine ya eksrei ilipoletwa akapelekwa Mombasa kujifunza kuitumia. Tangu hapo, waliovunjika mifupa kutoka Funzi hadi Majoreni wamelala juu ya meza yake, wakaambiwa kwa upole, "Vuta pumzi, izuie, usitikisike."

Adui yake alikuwa mmoja tu, mchanga. Chembe moja ikiingia ndani ya kasha la filamu huacha doa jeupe kwenye picha, na huku kwetu mchanga uko kila mahali. Basi aliweka ndoo na kata mlangoni; haingii mtu bila kuosha miguu. Wanasimulia kwamba mwaka wa Uhuru mkuu wa wilaya alipokuja kukagua, alivua viatu na soksi akanawa kama wengine, na Mzee akamwambia, "Na katikati ya vidole, bwana mkubwa."

Tena alikuwa na desturi yake. Kila sanduku jipya la filamu lilipofika, filamu ya kwanza alijipiga mwenyewe tumboni. "Siwezi kumjaribia mtoto wa watu," alisema. Picha hizo zilikuwa zikitoka na vidoa vyeupe, na kelele tulizisikia hadi mapokezi: "Nani kaniingizia mchanga?" Msaidizi wake, Katana, alilaumiwa, kasha likafunguliwa, likapigwa brashi. Picha za wagonjwa zilipotoka safi, Mzee aliridhika kwamba brashi imefanya kazi.

Sanduku la mwisho la utumishi wake lilifika mwezi huu. Dk. Maweu, daktari wetu mpya, aliikuta picha ikikauka, akauliza ni ya mgonjwa gani. Mzee akacheka, "Si mgonjwa, daktari. Ni mimi na mchanga wangu."

Daktari hakucheka. Aliomba picha za zamani, akazipanga dirishani. Vidoa vilikuwa mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka. Mchanga haufanyi hivyo. Ilikuwa chokaa, imeota ndani ya kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Na yale maumivu ya tumbo aliyoyatuliza kwa tangawizi, akisema ni gesi tu, kumbe yalitoka huko.

Wallahi mpaka leo sijaamini. Mtu aliyetuonyesha ya ndani ya watu wote, ya kwake tulikuwa tukiyapiga brashi.

Jambo likiwa zito Dk. Maweu hukimbilia Kiingereza, basi niliitwa nimtafsirie Bi Mbodze, mkewe Mzee. Nilieleza kwamba chokaa peke yake mara nyingi ni kovu la uvimbe wa siku nyingi. Lakini, nikasema, kongosho lenye kovu kama hilo huweza...

"Sema yote, mwanangu," Bi Mbodze akaniambia. "Usinipunguzie."

Nikasema: huweza kuota saratani. Katika picha mpya, chembe za chokaa zilizokuwa zimekaa pamoja zimesukumwa kando, kana kwamba kuna kitu kinakua katikati yake. Picha haiwezi kusema ni kitu gani. Lazima apasuliwe Mombasa, waone.

Mzee alikataa. Alisema anakwenda Kinondo kutunza minazi yake, na visu vya Mombasa havitaki. "Miaka yote namgombeza Katana, kumbe machimbo ya mchanga ninayo mimi," akasema, akacheka peke yake.

Bi Mbodze akamkazia macho. "Baba Ngala, umewalaza watu wangapi pale mezani ukawaambia watulie? Leo ni zamu yako. Tulia."

Mzee akamwuliza daktari ni lini.

Ni Jumatatu. Atavuka kivuko cha Likoni asubuhi, na Bi Mbodze pamoja naye. Sherehe hii alikataa iahirishwe, akaagiza pilau isipunguzwe. Katana ameombwa radhi mbele yetu sote, naye akalia kuliko aliyemwomba.

Mzee Chirau, ahsante kwa mifupa yetu yote uliyoitazama, na kwa kutotaka kumjaribia mtoto wa watu. Sijui Mombasa watakuta nini, wala daktari hajui. Tunakuombea afya, na maisha mema na marefu nyumbani kwako. Leo tunakuaga kazini tu. Zaidi ya hapo hatukuagi.