Ida Asibonyeze Kitufe

Jumamosi, tarehe 14 Julai 2007, alasiri. Esnath, katibu wa darasa la elimu ya watu wazima mjini Njombe, anampigia simu Zamda, mwenye duka la vifaa vya ofisi huko Lyamkena, Makambako.

ZAMDA: Haloo? Nani mwenzangu?

ESNATH: Kamwene, Mama Lulu! Ni Mama Elius, wa Njombe.

ZAMDA: Kamwene, mama! Nilidhani baridi imeshakugandisha. Sidii nilizokutumia zimefika?

ESNATH: Kondakta alizileta jana, zote tatu. Mama Lulu, kompyuta imefufuka!

ZAMDA: Wacha wewe!

ESNATH: Ile Windows iliyoliwa na virusi, kwaheri. Mahali pake nimeweka sidii ya Ubuntu, ile ya rangi ya kahawia, ngoma ikalia humo ndani, darasa zima likasimama kucheza. Rangi yake kama udongo wa shambani kwetu. Nimeipenda, siwezi kuficha.

ZAMDA: Na ile sidii ya Fedora?

ESNATH: Bado hatujaifungua. Sikiliza: nimeshachapa risala yote ya Jumatatu! Mgeni rasmi akikabidhiwa risala iliyochapwa hapa, kompyuta inabaki kwetu. Akiikuta imelala, waliotupa wanaichukua. Ndivyo walivyotuambia.

ZAMDA: Hongera! Risala umeihifadhi wapi?

ESNATH: Humo humo. Sasa tunaizima tuionje tena ile ya bluu, Kubuntu, tuliyoijaribu jana. Ida ameshaweka kidole kwenye—

ZAMDA: Asibonyeze!

ESNATH: Haloo? Sauti inakwaruza.

ZAMDA: Ida aondoe kidole!

ESNATH: Ida, ondoa kidole! (vishindo, kicheko) Ameruka mpaka kwenye benchi la nyuma. Kuna nini, mama?

ZAMDA: Ulibonyeza ile alama ya kusimika, ya kuiingiza kabisa kwenye mashine?

ESNATH: Sikuigusa. Wewe si ulisema tuonje kwanza?

ZAMDA: Nilisema. Lakini unapoonja, mashine haijameza kitu. Kila ulichoandika kimeshikwa na umeme tu. Ukizima, risala hakuna.

ESNATH: Yesu wangu. Mimi nilijua kuonja kwa ulanzi: ukishaonja, kilichoingia kimeingia.

ZAMDA: Wewe, mama wa kwaya ya Kilutheri! Pombe ya mianzi umeijulia wapi?

ESNATH: Nilikuwa napita njiani. Nifanyeje?

ZAMDA: Nani ana flashi?

ESNATH: Jeni anayo, kaivaa shingoni kama mkufu. Jeni! Ivue, mwanangu. (minong'ono) Anakataa. Ina picha za harusi yake, anaogopa virusi vitamla bwana harusi.

ZAMDA: Mwambie virusi vile ni vya Windows. Humo havina pa kuuma.

ESNATH: Jeni, bwana harusi yuko salama! ... Ameivua. Ameichomeka. Subiri... nahifadhi... imeingia! Naiona, Mama Lulu, risala iko pembeni ya keki!

ZAMDA: Alhamdulillahi. Sasa chagua, usimike moja. Windows uliijua kidogo, kwa hiyo chukua utakayoizoea upesi. Ya kahawia na ya bluu ni ndugu, zote zinafungua risala hiyo.

ESNATH: Mimi nataka ya kahawia. Ida peke yake ndiye anayeng'ang'ania ya bluu.

ZAMDA: Kwa nini?

ESNATH: Anasema kitufe cha kuanzia kiko chini kushoto, kwenye kona aliyoizoea. Hii ya kahawia imeweka maneno juu. Maneno matupu.

ZAMDA: Ida si yule aliyejiunga Januari, hajui hata herufi moja?

ESNATH: Ndiye.

ZAMDA: Basi.

ESNATH: ...Basi. Ida! Njoo, mama. Bonyeza sasa. Tunaweka yako.

ZAMDA: Kata, usimalize vocha. Nitakupigia ikishawaka.

(Baada ya muda, simu inaita.)

ESNATH: Haloo! Imewaka, bluu tupu! Ida amekalia kiti changu, hataki kusaidiwa.

ZAMDA: Vocha yangu nayo inaelekea ukingoni, sema haraka.

ESNATH: Anasukuma kipanya... ameipata kona! Anashuka... ameifikia flashi. Amefungua harusi ya Jeni. (vigelegele) Siyo hiyo, Ida, ya chini yake!

ZAMDA: Sasa?

ESNATH: Risala hiyo hapo! Mama Lulu, ngoja... nyamazeni jamani! Nakuwekea simu mdomoni kwake.

IDA: "Mhe... mheshi... mheshimiwa m-ge-ni ra-smi. Si-si wa... wana... wanafunzi—"

ZAMDA: Endelea, mama, endelea! Esnath, simikeni hiyo hiyo, leo le—

(Simu imekatika.)

Wewe uliyefika hapa, mpe mwenzako naye asome. Kama bado anazitafuta herufi, kaeni pamoja, asome yeye.