Eudora Toulon, Mshauri Aliyelipwa na Mteja Peke Yake

Ndugu, majirani, na nyote mliopanda mlima na jua hili kumsindikiza, mimi ni Verlyn, binti wa marehemu. Nimeombwa nisome maisha yake kwa ufupi. Nitajitahidi nisilie kabla sijafika mwisho.

Marehemu Eudora alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Wesley, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Fitzroy Laronde na Bi Ismania. Wa kwanza ni mjomba Cuthbert. Jumamosi wawili hao walitumwa sokoni Marigot kuuza magimbi. Siku moja Eudora alimwonyesha mteja gimbi lililooza upande wa chini, mteja akaenda zake. Bibi, mama yao, aliwaka, akamuuliza yuko upande wa nani. Cuthbert ndiye aliyemtetea, akasema yule mteja atarudi. Wapi! Walilala bila kuonja samaki, na kwa miaka mingi waliibishania habari hiyo huku wakicheka.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari mjini Roseau hadi mwaka 1974. Alitamani uwanasheria lakini karo haikupatikana, akajifunza ukarani. Tarehe 6 Agosti 1983 aliolewa na marehemu baba yetu, Hubert Toulon, fundi seremala, wakatupata mimi na Jerwin.

Mwaka 1994 aliajiriwa na wakili mmoja wa Roseau, akiandaa maombi ya wageni wanaotafuta uraia kwa kuwekeza, yaani wanaopewa pasipoti ya kisiwa chetu kwa kununua hisa za hoteli au kuchangia mfuko wa serikali. Huko aliona wateja wakiambiwa kwamba ofisi haina upande, kumbe inakula kamisheni ya wauza hoteli. Alivumilia, maana alikuwa na sisi wa kulisha. Mwaka 2009 aliacha kazi, akafungua chumba chake juu ya duka la mikate. Alitoza mteja ada, na kwa muuzaji hakupokea hata chupa ya ramu. Alisoma sheria yenyewe, vipeperushi akaviweka kando. Alilinganisha mpango wetu na ile ya visiwa jirani, na aliwapigia simu waliopata uraia zamani kuwauliza kama majengo waliyonunua hisa zake yalikamilika, na kama waliweza kuuza hisa zao. Kila aliyeingia pale alimwambia, "Kabla hujaniuliza chochote, niulize nani ananilipa."

Sasa nafika pagumu. Mwaka 2013 mjomba Cuthbert alitoa shamba lake la Calibishie ijengwe hoteli, yeye na wabia wa ng'ambo, na hisa zake ziuzwe kwa wanaotafuta uraia. Nusu ya Wesley ilikuwa ikingojea kazi pale. Ndipo akaja daktari Nabil Kassar, Msyria aliyekuwa akifanya kazi Kuwait, ana mke na mabinti watatu. Pasipoti zao zilikaribia kuisha muda, kwao hakurudiki, na fedha aliyokuwa nayo ni ya nyumba aliyouza, basi. Akikosea mara moja, wamekwisha. Mjomba mwenyewe alimtuma kwa mama, akiamini dada hawezi kumwangusha. Ndivyo tulivyo watu wa kisiwa hiki. Tukisema mshauri huru, tunamaanisha ndugu yetu.

Mama alimwambia daktari waziwazi kwamba mwenye mradi ni kaka yake wa tumbo moja, akamtaka atafute na mshauri wa pili. Kisha akaenda Calibishie na mvua yake. Alikuta majani yameota ndani ya msingi, mafundi wamekaa tu, hawajalipwa. Akamshauri daktari asinunue, achangie mfuko wa serikali kupitia wakala aliyesajiliwa. Familia ile ilipata uraia. Wanunuzi wengine waliposikia dada mtu amekataa, wakajitoa, na hoteli ikafia pale.

Mwaka 2015 bibi alifariki. Katika tangazo la msiba redioni mjomba aliwataja wafiwa wote, mpaka marafiki wa bibi walioko Guadeloupe. Mama hakutajwa. Alikuwa jikoni, akasikiliza hadi mwisho, akazima redio. Sijawahi kumwona akilia namna ile, na niliumia sana.

Januari 2023 aligundulika na saratani ya kongosho. Mjomba alikuja kumwona mara moja, mwezi wa Mei, akakaa na kofia magotini.

"Eudora, siku ile ingerudi, ungemwambia nini yule daktari?"

"Vilevile, kaka. Ila ningekuja kukuambia wewe kwanza."

Mjomba aliinuka akaondoka, hakurudi tena. Mama alifariki Jumanne, tarehe 11 Julai, saa kumi alfajiri, mimi na Jerwin tukiwa naye.

Jana mjomba alinikuta nikiandika haya. Habari za hoteli nilikuwa nimezifuta, nikiogopa tusije tukagombana makaburini. Akaniomba nimsomee. Nilipomaliza akasema, "Irudishe hoteli, mwanangu. Dada yangu alisema kweli, na mimi mpaka leo nina hasira naye. Yasome yote mawili."

Nimeyasoma. Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, na kaka mmoja, Cuthbert Laronde, aliyebeba jeneza leo upande wa mbele. Mungu amlaze mama yetu pema, na kaka yake ampe utulivu angali hai.