Breki za Fundi Olweny

Ifikapo tarehe 31 Agosti 1976, Fundi Tarcisio Olweny ataweka spana chini baada ya kuitumikia karakana yetu miaka ishirini na minane. Mimi Kamis Wahabi, mtunza bohari, ndiye niliyeombwa kumwandikia maneno haya ya ratiba ya kumuaga. Nakala ni nane tu. Ukimaliza kusoma, karatasi hii ifungie karanga, isibaki.

Alianza mwaka 1948 akiosha magurudumu. Kufikia Uhuru alikuwa fundi mkuu wa breki, na wakubwa walimwita kwa jina, ingawa wengi walilikosea. Hakuna lori lililotoka mikononi mwake likashindwa kusimama. Maringo anayo, tusifichane. Akikuta kazi ya fundi mwingine, husonya kwanza, kisha ndipo husalimia.

Cha ajabu, breki mbovu kuliko zote Kampala zilikuwa za gari lake mwenyewe, Pijo kuukuu lenye breki za dramu magurudumu yote manne. Mwaka 1973 ziligoma kwenye mteremko wa Nsambya, gari likakatiza katikati ya msafara wa harusi na kwenda kutulia kwenye migomba ya watu. Mkewe, Mama Filda, alishuka, akajifunga nguo vizuri, akarudi nyumbani kwa miguu. Alisema hatalipanda tena gari hilo mpaka lipate breki za Kikristo.

Basi fundi akapata Pijo jingine, jipya kidogo, lililopinduka. Akang'oa breki zake za mbele, zile za diski, na kuja kuzifunga nyumbani, nje ya kota yake, gari likiwa juu ya matofali. Mama Filda alikaa kwenye usukani kumsaidia kutoa hewa kwenye mabomba. Kota nzima ikasikia: kanyaga, shikilia, achia. Majirani walidhani mtu na mkewe wanafundishana gwaride.

Kabla ya hapo kilikuwa kimepungua kitu kimoja, masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga. Ya dramu haifai kwa diski. Hubakiza msukumo kidogo kwenye bomba hata ukiachia, na diski huendelea kubanwa mpaka zipate moto. Fundi alikuja bohari kuuliza kama ipo ya diski. Mimi nilikuwa nakula. Nilimjibu hakuna, arudishe ile ile ya zamani, itatosha. Alisita, kisha akaniamini. Tangu siku hiyo hajamwamini mtu.

Jumamosi ya wiki hiyo, kabla Mama Filda hajalipanda kwa safari hata moja, afisa mmoja wa jeshi akalipenda Pijo. Mnajua gari likipendwa siku hizi inakuwaje. Alinyoosha mkono, fundi akampa funguo, yakaisha. Jumapili asubuhi askari wakaja kumchukua fundi mwenyewe. Gari lilikuwa limejifunga breki huko Kasubi, magurudumu yanafuka moshi, na afisa alikuwa na hakika ametegewa. Fundi ni mtu wa Lira, upande wa rais aliyepinduliwa, na mtu wa huko akiitwa kwa neno kama hilo, mara nyingi harudi. Mama Filda alikuja kwangu akilia. Nilijua aliyempeleka kule ni mdomo wangu.

Yaliyofuata tunayajua kwa sababu fundi aliyasimulia, na yeye kutunga hawezi. Alipofika, gari lilikuwa limeshapoa, likasukumika bila shida. Afisa akazidi kuwaka: kumbe linamfanyia yeye tu.

"Afande," fundi akamwambia, "breki ya kuua mtu ni ile inayokataa kushika. Hii inakataa kuachia. Panda, nitaendesha mimi."

Wakapanda. Walipokaribia Nakulabye gari likaanza kunuka, likapunguza mwendo, likasimama lenyewe mbele ya muuza ndizi na kufuka. Afisa aliutazama ule moshi, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Gari yako hii mjinga kama wewe," akasema. "Toa hapa."

Fundi alirudi Nsambya kwa vituo vinne, akilipoza. Jumatatu nilipekua bohari nzima, nikaikuta masta silinda ya diski rafu ya chini, nyuma ya mikanda ya feni. Nilimpelekea huku nikiona haya. Aliigeuzageuza, akanirudishia, akaniambia niitunze. Tangu hapo pale kota yamechukuliwa magari matatu, yote mazuri. Lake halijaguswa, wanalijua, lile la moshi. Miaka mitatu sasa fundi bora wa breki Kampala anaendesha gari bovu makusudi, anakwenda nalo soko la Owino na kungoja lipoe huku Mama Filda akichagua nyanya. Naam, Mama Filda alipanda. Alisema gari linalosimama bila kuombwa linamfaa.

Sasa wanarudi kwao Lira. Fundi, asante kwa malori yote yaliyosimama, na kwa kutonitaja jina mbele ya yule afisa, ingawa ulikuwa na haki. Zawadi yetu ni ile masta silinda ya diski, nimeipaka grisi na kuizungushia karatasi. Mama Filda ataiweka kapuni, chini ya unga. Mwende salama, mle vizuri, mpoe kila kituo. Usiifunge bado. Ifunge siku utakayoona magari ya watu yanaamka pale pale yalipolala, hayajapendwa na mtu. Ukishaifunga, tuandikie mstari mmoja tu, kwamba umeifunga. Sisi tutaelewa.