Banda Namwachia Anjela

Nyamazeni wanangu, na mliosimama mlangoni ingieni mkae, maana pumzi iliyobaki ni kidogo na sitaki kuimaliza kwa kurudia maneno. Sifaeli binti yangu, acha kulia. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi niliwachelea vya kutosha. Leo nasema nikiwa na hasira, na msiponisikia nitakwenda nayo mbele za Mungu.

Mashamba hayana maneno. Kahawa na migomba ya huku mferejini ni ya kaka yenu mkubwa Gerson, kiwanja cha barabarani ni cha Sifaeli, na baba yenu mdogo Aminiel asiguse masale, mimea yetu ya mpakani, maana aliyasogeza tukiwa ndiyo kwanza tumetoka kumzika baba yenu, na nilimwona. Ninalotaka kusema leo ni la kuku.

Hao kuku wa mayai mnaowaita mradi wa mama ndio waliowavika viatu mkaenda sekondari baba yenu alipokufa. Vyaelea, vimeundwa. Mimi nimelazwa wodini, dripu mkononi, wewe Gerson unatoka Moshono na gari lako kuja kufanyia sherehe ya kipaimara ya mwanao Lucky hapa nyumbani Kikwe. Sawa, mjukuu wangu amethibitishwa, nami nafurahi. Lakini nani alikutuma uwatoe kuku banda kubwa uwasukumie wote banda dogo, jua la mchana, vijana wa turubai wamewashika miguu vichwa chini, ili wapishi wapate jiko? Ukaona haitoshi, ukaegemeza spika kwenye ukuta wao, na yule kijana wa muziki kutoka Ngarenaro akafungulia mpaka mabati yakatetemeka. Kuku akiogopa hana pa kukimbilia ila kwa mwenzake. Wakarundikana kona moja, wa juu akamkanyaga wa chini, wa chini akakosa hewa, na ninyi huko nje mnakata keki na kupiga vigelegele. Mlipofungua mlango mkawakuta wamelaliana, wengi wao wamekufa.

Waliobaki wakaacha kutaga, na wachache waliotaga walitoa mayai ya ganda laini, ukiligusa linabonyea. Wakaanza kunyofoana manyoya na kudonoana mpaka damu. Nilipotoka hospitali nikakuambia, mwanangu, hao wana msongo, warudishie nafasi yao. Ukacheka mbele ya wageni: "Msongo, mama? Kuku naye ana mitihani?" Kisha ukachukua kisu, ukakichoma motoni, ukaanza kuwakata midomo. Gerson! Mtu akilia ukamziba mdomo, umemfariji? Kuku anayemdonoa mwenzake anakuambia amebanwa, ana joto, maji yameisha, hana kiota chenye giza cha kutagia. Wewe ukaona ni tabia mbaya. Nilikuzaa kwa uchungu, lakini siku hiyo nilikuonea aibu.

Uliposikia nimekasirika ukaniletea jani la sale, umelishika kwa mikono miwili kama walivyofanya wazee wetu walipoomba msamaha. Nimelipokea. Kwa mila yetu sale halikataliwi, na kwa yale uliyonitendea mimi sina kinyongo tena. Lakini kuku hujawapelekea kitu, na hasira unayoisikia ni ya kwao.

Kwa hiyo sikilizeni vizuri. Banda, kuku na ufunguo namwachia Anjela, mkwe wangu. Usinikodolee macho Gerson, ndiyo, mkeo. Ndiye aliyevua viatu vya sherehe akaingia kutenganisha wazima na wafu, ndiye aliyekunyang'anya kile kisu ukoo mzima ukitazama. Ukitaka hata yai la kunywea chai, utamwomba yeye. Anjela, mama, subiri jua lipoe, kisha nusu yao uwarudishe banda kubwa, uwabebe kwa kuwakumbatia. Chakula usibadilishe kwa ghafla, changanya kipya na kile walichokizoea. Waning'inizie mchicha wadonoe huo, waache migongo ya wenzao. Weka maranda makavu sakafuni, na wageni wasiingieingie. Mdomo wa kuku usikatwe tena katika boma hili.

Nami nikifa, turubai lifungwe ng'ambo ya mfereji, mbali na banda. Kwaya ije, iimbe kwa makoo yake. Atakayeleta spika arudi nayo, hata kama ni mchungaji... Nipeni maji kidogo.

Mungu aliyenilinda nikiwa mjane awalinde. Sifaeli, usiuze kiwanja. Lucky, mheshimu mama yako. Mpendane... msigombanie vyombo vyangu, ni sufuria tu.

Gerson, sogea. Sisikii miguu yangu tena. Omba ufunguo kwa mkeo, uende ukawape maji. Kabla hujafungua, waite kwa sauti ya chini, wajue kuna mtu anaingia. Dirisha liacheni wazi... mimi nitasikiliza kutoka hapa. Wakipiga kelele, nitajua bado hujanielewa. Wakinyamaza... baraka yangu ni yako, yote. Nenda, baba. Polepole.