Foleni ya Tarehe Tatu Machi

Jumapili, tarehe 8 Machi 2026, baada ya ibada ya Kiswahili hapa Lewisville, Texas, tuliketi kama ilivyo ada kwenye benchi lililo mbele ya chumba cha kufulia nguo. Kahawa ilikuwa ya Nyaboke, muuguzi kutoka Kisii, ambaye huipika kali kana kwamba sote tunaingia zamu. Absalom, tuliyempachika jina la Profesa, alikuwa kuliani kwangu. Polycarpe, Mkongo afanyaye kazi ghalani tumwitaye Gavana, alisimama, maana alikuwa na habari: Jumamosi ijayo chama kimoja kidogo kingekutana kuteua wagombea wa kaunti yetu, naye alikuwa amemwahidi Zoé, binti wa marehemu kaka yake aliyetaka kugombea, kwamba atamnyooshea mkono.

— Kidogo kwa kipimo gani? akauliza Absalom. Chama kikubwa ni kile chenye matangazo kwenye TV.

— Apana! Kwetu chama kikubwa kinagawa kitenge na kofia, akajibu Polycarpe. Hapa hakuna kilichonipa hata leso. Vyote ni vidogo.

— Wee! akacheka Nyaboke. Mimi huangalia parking. Ukikosa mahali pa kupark, hicho ni kikubwa.

— Hiyo ni hospitali yenu, Nyaboke, akasema Absalom. Nawaambia, kuna mtu serikalini kule Austin hupima wanachama kwa kilo!

Nikaona ni wajibu wangu, mimi wanayeniita Karani, kuwasahihisha.

— Sheria ya Texas hutazama kura za ugavana, za mwisho zikiwa zile za tarehe 8 Novemba 2022. Chama ambacho mgombea wake alifikisha asilimia ishirini hulazimika kuteua kwa kura ya mchujo, kama ile ya Jumanne iliyopita. Vidogo huweza kuteua mkutanoni. Na aliyepiga kura katika mchujo wa chama kimoja haruhusiwi kushiriki mkutano wa kingine mwaka huohuo.

Polycarpe akaketi.

— Mwaka muzima?

— Mwaka mzima.

— Alors, basi nimekwisha.

— Gavana! Kumbe ulivote? akashangaa Nyaboke.

— Niliona foleni pa maktaba. Kambini Nyarugusu, kule ukimbizini, ukiona foleni unaingia kwanza, unauliza kesho. Zilikuwa mbili, nikaingia ile ndefu.

— Bila kuuliza ni ya chama gani?

— Mama, foleni ndefu haiulizwe!

Tulikuwa tungali tunacheka Zoé alipofika na kapu la nguo. Baba yake mdogo akamweleza, macho chini. Zoé hakufoka.

— Usijali, Papa mudogo. Profesa, wewe je, utakuja?

— Mimi nilikuwa foleni ile nyingine.

— Da Nyaboke?

— Bado sina uraia, mpenzi.

— Karani?

Ilinibidi kusema kwamba nilipiga kura tarehe 17 Februari, siku ya kwanza kabisa iliyoruhusiwa.

— Basi nitanyosha mkono wangu mwenyewe. Lakini Karani, mtu mmoja ndani ya ukumbi, sheria inasema huo ni mkutano?

Nikatoa simu, nikaanza kutafuta kifungu. Polycarpe akainuka, akamtwalia kapu.

— Miye nitakupeleka na gari. Nikibakia pa parking, si tutakuwa wawili?